Ripoti za maskauti kabla ya drafti ya NFL: wanajua au wanabahatisha?

YadiKumi

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linanisumbua kila mwaka ikikaribia drafti ya NFL, pale timu za futiboli ya Marekani zinapochagua kwa zamu wachezaji wa vyuo, naomba tulijadili na wenye uzoefu mnisaidie. Mimi hizi wiki za mwezi wa tatu na wa nne nazipenda kuliko hata Super Bowl yenyewe, fainali ya ligi, nasoma kila ripoti ya skauti (mkaguzi wa wachezaji) inayopita mbele yangu, naangalia video za madogo wa vyuo mpaka macho yanawasha, na raundi ya kwanza huku kwetu inaanza saa tisa usiku lakini naamka, sijaikosa tangu 2017, mwaka ule Chiefs walipopanda kutoka zamu namba 27 mpaka namba 10 kumfuata kwotabeki (mrusha pasi) Mahomes wakati Bears walishamchukua kwotabeki mwingine, Trubisky, namba 2.

Sasa shida yangu ni kwamba ripoti hazipatani hata kidogo. Dogo ni yuleyule, mechi ni zilezile, ila huyu anakwambia yumo kumi bora, yule anasema raundi ya tatu, mwingine anasema hana miguu ya kucheza ligi ile. Na wote hao wanalipwa kwa kazi hiyo!

Chukulieni 2018. Kwotabeki watano raundi ya kwanza: Baker Mayfield namba 1, Sam Darnold 3, Josh Allen 7, Josh Rosen 10, Lamar Jackson 32. Rosen ndo alisifiwa sana kwamba ameiva, anarusha vizuri, yuko tayari kuanza. Allen wakamwandama kwamba pale Wyoming pasi zake zilikuwa zinafika asilimia 56 tu, na mtu asiyelenga chuoni hatalenga akifika juu. Lamar ndo usiseme, Bill Polian, mzee aliyejenga timu na yumo kwenye Ukumbi wa Heshima, alisema aende akacheze risiva, yaani mdaka pasi. Leo Lamar ana MVP (mchezaji bora wa msimu) mbili, ya 2019 na ya 2023, Allen kachukua ya 2024, na Rosen alikaa Arizona mwaka mmoja wakamuuza Miami.

Kwahiyo swali langu, na nauliza kwa moyo wote sio kwa kuwadharau, hawa maskauti wanajua wanachokifanya au wanabahatisha kama sisi tu ila wao wana kalamu nzuri? Na mtu kama mimi nikitaka kumpima dogo mwenyewe kwa macho yangu nianzie wapi?

---

KameraYaPembeni

YadiKumi kaka, hapa umenigusa mahali, ngoja nikae vizuri nikujibu.

Miaka ya nyuma nilikuwa chuo kimoja Marekani, sitakitaja, na kazi yangu ya kujilipia ada ilikuwa kushika kamera mazoezini. Unapandishwa juu ya mnara ule wa chuma pembeni ya uwanja unarekodi kila pleyi (shambulizi moja moja), kamera moja ya pembeni na nyingine nyuma ya goli. Kwahiyo maskauti nimewaona kwa karibu, sio kwenye TV. Wanaanza kuja mwezi wa nane, mmoja mmoja, kila mtu na eneo lake la nchi, anaendesha gari chuo hadi chuo. Asubuhi anafungiwa kwenye kachumba hakana dirisha anaangalia tepu, video za mechi. Rimoti mkononi, pleyi moja anairudisha mara saba mara nane. Kwanza anaangalia miguu, anarudisha, anaangalia mikono, anarudisha, anaangalia kichwa kilikuwa kinatazama wapi. Ikifika mchana anazunguka kuuliza watu: anayetibu wachezaji, kocha wa vyuma, hata yule mzee anayegawa jezi na kukusanya taulo. Dogo akiumia anarudi lini, anachelewa vikao, akikosea pleyi anamlaumu nani.

Nakupa kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Tulikuwa na risiva ambaye chuo kizima kilikuwa kinamwimba. Siku hiyo skauti mmoja mtu mzima kaja kusimama chini ya mnara wangu, mazoezi ya saa mbili, na mimi nikadhani anamwangalia yule dogo akidaka. Kumbe dogo akirushiwa mpira, mzee anageukia kwingine! Alikuwa anamwangalia kwenye pleyi ambazo mpira unaenda upande mwingine. Dogo akijua mpira sio wake alikuwa anatembea, yaani anatembea kabisa, mikono kiunoni. Mzee kaandika mstari mmoja kwenye daftari kafunga. Nikashuka kubadilisha betri nikamuuliza kwanini haangalii anavyodaka, akasema kudaka ameshaona kwenye tepu, hiki hakimo kwenye tepu za televisheni kwasababu kamera inafuata mpira.

Kwahiyo hapana, hawabahatishi. Kinachotokea ni kwamba ripoti inajibu swali moja, huyu mtu ni nani leo. Atakua nani baada ya miaka mitatu inategemea kitu ambacho skauti hakijui wakati anaandika, nacho ni nani atamchukua. Mfano wako wa Allen na Rosen nautumia mimi. Allen kaenda Buffalo, mwaka wa kwanza asilimia 52.8, wa pili 58.8, wakamvumilia, Brian Daboll akakaa nae mwaka hadi mwaka mfumo uleule, wakamletea Stefon Diggs, 2020 akapiga 69.2. Rosen kaenda Arizona, mratibu wa mashambulizi akafukuzwa katikati ya msimu, kocha mkuu akafukuzwa msimu ulipoisha, kocha mpya akaja na Kyler Murray wake namba 1. Skauti aliyeandika kwamba Allen halengi alikuwa sahihi 2018, alichoandika ndicho kilichokuwepo. Ungewabadilisha timu hao wawili sijui tungekuwa tunaongea nini leo.

---

Takwimu_Tupu

Mkuu KameraYaPembeni simulizi nzuri na naiheshimu, ila mi naona mnawapa maskauti heshima kuliko matokeo yao yanavyoruhusu.

Cade Massey na Richard Thaler, huyu Thaler ndo yule aliyekuja kuchukua Nobel ya uchumi 2017, walichukua drafti za miaka mingi wakalinganisha kila mchezaji na yule wa nafasi hiyohiyo aliyechaguliwa baada yake. Yaani risiva wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, hivyohivyo. Aliyetangulia alikuwa bora kwa kiasi kidogo tu zaidi ya kurusha sarafu. Sarafu ndugu zangu! Sasa timu inatoa piki (zamu za kuchagua) tatu kupanda nafasi nane kumfuata mtu wake, anajiamini nini? Hitimisho lao lilikuwa timu zinalipa kupita kiasi kwa piki za juu, na mi nakubali, ukipewa nafasi ya kushuka na kukusanya piki nyingi shuka, kwasababu kila piki ni tiketi na hujui ipi itatoka.

Alafu kuna Kombaini, yale majaribio ya vipimo vya mwili pale Indianapolis kila mwezi wa pili mwishoni. Mbio za yadi 40, kuruka, kunyanyua chuma cha pauni 225, mpaka upana wa kiganja wanapima. Namba zenyewe sizikatai, nazipenda, ninachokataa ni zinavyotumika. John Ross kakimbia sekunde 4.22 mwaka 2017, rekodi ya wakati huo, Bengals wakamchukua namba 9 na hakuwahi kuwa risiva wa namba 9. Mwaka huohuo Cooper Kupp kakimbia 4.62 akashuka mpaka namba 69, na 2021 akaongoza ligi kwa midako, kwa yadi na kwa tachidauni (magoli), akamalizia na MVP ya Super Bowl. Puka Nacua namba 177 mwaka 2023, msimu wake wa kwanza midako 105 na yadi 1,486. Kila timu ilimpita mara kadhaa, zote 32, hata Rams waliomchukua walimpita kwanza!

Na Tom Brady tusimsahau, kwotabeki aliyekuja kuchukua Super Bowl saba, 2000, sekunde 5.28, namba 199, kwotabeki sita mbele yake. Nikisikia mtu anasema maskauti wanajua namuuliza hao sita wako wapi.

---

MamaLaini

Jamani nyie mnaongelea kwotabeki na marisiva tu, kila siku hivyohivyo. Naomba niwapeleke kwa watu wa laini, wale wanaomlinda kwotabeki, maana huko ndo mtaona skauti mzuri ni nani.

2007 namba 1 alikuwa kwotabeki JaMarcus Russell wa chuo cha LSU, akaenda Raiders, mkono wa ajabu, siku ya kurusha mbele ya maskauti watu walitoka pale wamechanganyikiwa. Baada ya misimu mitatu hayupo kwenye ligi. Namba 3 mwaka huohuo alikuwa takeli (mlinzi wa pembeni ya laini) Joe Thomas wa Wisconsin, ambaye siku ya drafti hata hakwenda New York, alikuwa Ziwa Michigan kwenye boti anavua samaki na baba yake. Huyo Thomas alicheza pleyi 10,363 mfululizo bila kutoka uwanjani, kwenye timu iliyokuwa inafungwa kila wiki, na 2023 kaingia Ukumbi wa Heshima kule Canton. Na mikono yake haikufika inchi 33!

Nasema hilo la mikono kwasababu kila mwaka kuna dogo anasulubiwa nalo. Mwaka 2025 Will Campbell wa LSU, misimu mitatu takeli wa kushoto kwenye ligi ngumu kuliko zote za vyuo, kaenda Kombaini wakampima inchi 32 na 5/8, kelele zikaanza, oh huyo ahamie ndani ya laini awe gadi. Wiki kadhaa baadae siku ya maskauti chuoni kwake wakampima tena ikatoka 33. Mkono wa mtu mzima haukui kwa wiki nne, ila mjadala uliendeshwa na hizo chembe za inchi kuliko mechi zake zote, na hilo liliniuma. Patriots wakamchukua namba 4. Naelewa kwanini urefu una maana, mwenye mkono mrefu anamgusa mwenzie kwanza, lakini kipimo kiulize swali kisitoe hukumu.

YadiKumi mdogo wangu umeuliza uanzie wapi. Mi nafanya hivi. Tafuta mechi nzima, usiangalie zile video za kusifia za dakika nne, hizo hata mimi ungenifanya nionekane namba 1. Chukua karatasi ufunike sehemu ya skrini alipo kwotabeki ili jicho lisikimbilie mpira. Mwangalie takeli peke yake. Mpira ukitoka hesabu hatua tatu za kwanza za kurudi nyuma. Je miguu inabaki upana wa mabega au inagusana? Ikigusana hapohapo beki akimsukuma anaanguka, nguvu aliyonayo haimsaidii kitu. Alafu angalia mikono inatua wapi, kifuani au inamkumbatia nje ya mabega, huyo wa nje ndo atakuwa anapewa filimbi kila jumapili. Alafu hiki ndo kikubwa: akishindwa pleyi moja, ile inayofuata anafanya nini. Kuna madogo wakipitwa mara moja wanaanza kuwahi, wanaegemea mbele, na beki mwenye akili anajua, anamzunguka. Andika. Pleyi 60 za mechi moja zinakupa jioni nzima lakini ukimaliza utamjua yule kijana kuliko mtu aliyesoma ripoti kumi.

---

DauniYaTatu

Dada MamaLaini umeniwahi kwenye hilo la karatasi, naiba hiyo.

Mi nataka kuongeza kitu kimoja ambacho naona kinachanganywa hapa. Kuna skauti wa timu na kuna mchambuzi wa TV, na ripoti tunazosoma sisi karibu zote ni za huyo wa pili. Za timu hatuzioni kabisa, zinafungiwa. Mel Kiper yuko ESPN tangu 1984 na namheshimu kwa kazi, ila 2025 alimweka Shedeur Sanders kuwa kwotabeki bora wa drafti nzima, kwenye tano bora za wachezaji wote, na Sanders akakaa mpaka raundi ya tano, namba 144, Browns, ambao raundi ya tatu walishamchukua kwotabeki mwingine, Dillon Gabriel, namba 94. Haijawahi kunitokea kukaa siku tatu namsubiria mtu mmoja hivyo. Nilikasirika, kusema kweli nililala na hasira.

Baadae nikarudi kwenye tepu za Sanders akiwa chuo cha Colorado. 2024 pasi zake zilifika asilimia 74, aliongoza nchi nzima. Lakini 2023 aliangushwa mara 52. Sasa hapo ndo pa kufanya kazi. Nikaanza kuhesabu kwa sauti kila pleyi anayoangushwa, elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Zile za kabla sijafika mbili na nusu nikaziweka kwa laini yake, ambayo ilikuwa mbovu kweli. Zile za tatu na kuendelea nikaziweka kwake, maana anarudi nyuma, anarudi tena nyuma, anatafuta pleyi kubwa wakati mtu wa yadi tano yuko wazi mbele yake. Sikupata jibu la kumtupa mpaka namba 144, bado naona ni chini mno. Ila nilielewa kwanini mtu mwingine angeiangalia tepu hiyohiyo akatoka na gredi nyingine, na wote wawili sio waongo.

Na kuna vitu viwili sisi hatutaviona kamwe, mahojiano na faili la daktari. Mdaka pasi Gronkowski alikaa nje msimu mzima wa 2009 chuoni kwa upasuaji wa mgongo, kwenye tepu alikuwa wa raundi ya kwanza wazi, akashuka mpaka 42. Ukiona dogo anaporomoka bila sababu usikimbilie kusema maskauti vipofu, mara nyingi kuna karatasi ya daktari nyuma yake.

Takwimu_Tupu kaka kuhusu Brady, mi naona unaibebesha ripoti mzigo usio wake. Ripoti ilisema mwembamba, hana nguvu, haendi popote nje ya poketi, ile ngome ya walinzi wake. Angalia picha yake ya Kombaini ile ya kaptura, kosa liko wapi? Kosa lilikuwa kwamba walisimama hapo.

---

Takwimu_Tupu

DauniYaTatu nimekusoma, na hilo la "walisimama hapo" nalichukua. Lakini ukilichukua nawe litakurudia, kwasababu kama skauti anaona kila kitu sahihi na bado jumla inatoka sarafu, basi tatizo lipo kwenye kujumlisha. Mtu anaandika kurasa mbili za kweli alafu mwisho anaweka gredi moja, namba moja, na meneja anasoma ile namba. Mi ningepewa timu ningewakataza kuweka namba mpaka siku ya mwisho.

Na kitu kingine tulichokipita haraka ni kwotabeki Brock Purdy. 2022 namba 262, wa mwisho kabisa kwenye drafti nzima, na msimu wake wa pili tayari alikuwa kwenye Super Bowl, wakafungwa na Chiefs 25 kwa 22 muda wa nyongeza. Iowa State alicheza miaka minne kama kwotabeki mkuu. Trubisky pale North Carolina alianza mechi 13 tu! Idadi ya mechi alizoanza ni namba ya bure, haihitaji stopwochi wala Indianapolis, na bado watu wanaipita.

---

YadiKumi

Wakuu asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii, nimesoma yote mara mbili.

Jana usiku nimefanya la MamaLaini, nimechukua bahasha nimefunika upande wa kulia wa skrini nikamwangalia takeli mmoja ambaye ripoti nilizonazo zinampa raundi ya kwanza bila wasiwasi. Robo ya kwanza safi kabisa. Robo ya pili akapitwa kwa ndani, na kuanzia hapo nikaona kile kitu, anawahi, kifua kinaenda mbele ya magoti, mpaka mechi inaisha hakurudi alivyokuwa. Nimeangalia mechi hiyo mwezi uliopita na sikuona hata moja ya hayo, nilikuwa nafuata mpira. Mwili ulinisisimka aisee.

Nina maswali mawili tu. La kwanza, hawa madogo wanaoondoka chuo mapema, wao wanaambiwaje kuhusu gredi yao kabla ya kuamua? La pili, KameraYaPembeni, yule risiva aliyekuwa anatembea, iliishaje?

---

KameraYaPembeni

La kwanza ni rahisi. Sheria inataka dogo awe amemaliza miaka mitatu tangu atoke sekondari. Akitaka kujua thamani yake kuna kamati ya ligi inaitwa College Advisory Committee, chuo kinampelekea jina lake, watu wa timu wanamwangalia na jibu linarudi la aina tatu tu: unaweza kwenda raundi ya kwanza, unaweza kwenda ya pili, au baki chuo. Basi. Hakuna raundi ya nne wala ya sita kwenye barua ile. Nimeona dogo kaipata ile ya kubaki, kakaa nayo kantini kaikunja mara nne kaiweka ndani ya soksi, hakumwonyesha mtu.

La pili. Msimu ulipoisha yule risiva alikuja chumba cha video, ilikuwa jioni, sisi tunakata tepu za mwisho. Sijui nani alimwambia. Akaniomba nimtolee pleyi zote ambazo mpira haukuja kwake. Zilikuwa nyingi, zaidi ya mia nne. Alikaa kwenye kiti kilekile wanachokaaga maskauti, akaangalia mpaka usiku wa manane, haongei. Aliporudi mwezi wa tatu mazoezini alikuwa anakimbia kila pleyi mpaka mwisho, na kuzuia mabeki alianza kuzuia kweli. Lakini ripoti za vuli zilishaandikwa na wengi hawakurudi kumwona. Drafti ikapita raundi zote saba bila jina lake. Simu ilikuja dakika chache baada ya piki ya mwisho, timu moja ikampa mkataba wa kwenda kujaribu kambini, na aliyempigia alikuwa yule mzee wa daftari, ambaye mwezi wa nne alikuwa ameendesha gari masaa sita kuja kumwangalia tena.